Nyumba ya Mijusi kule Kasungami

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa mnyama hata mmoja. Ilikuwa katika bustani ndogo ya wanyama hapa Lubumbashi, bustani ambayo leo haipo tena. Mahali pake pamejengwa maduka. Nilikuwa msichana aliyetoka shule ya kilimo, nimevaa viatu vya kuazima, na nilitarajia kupewa ndege au paa. Badala yake nilipelekwa kwa Chef wa Reptilia, mzee mwembamba aliyetunza nyoka, mijusi na kobe. Aliniangalia viatu, akaniingiza ndani ya kizimba kitupu na kukiweka kiganja changu juu ya jiwe lililokuwa chini ya taa.

"Hapa iko namuna gani?"

"Iko moto, Chef."

Akaniongoza hadi pembe ya pili, kwenye kivuli. "Na hapa?"

"Hapa iko baridi."

"Bon. Ile njo kazi yako. Zingine zote utajifunza polepole."

Nilidhani ananitania, kumbe alikuwa amenifundisha sehemu kubwa ya kazi. Mnyama wa damu baridi hatengenezi joto lake mwenyewe kama sisi. Akihitaji joto analifuata, na likimzidi analikimbia. Ukimweka mahali penye joto tupu ataungua, na ukimweka penye baridi tupu chakula kitamuozea tumboni. Nyumba yake lazima iwe na pande mbili, na katikati njia ya kupita, ili achague mwenyewe. Chef aliliita jambo hilo "kumuachia mnyama uamuzi wake", na alilisema kwa heshima, kama mtu anayezungumzia wakwe.

Mama yangu alilia aliposikia ninatunza nyoka. Nilikuwa mwanamke wa kwanza katika sehemu ile, na wanaume wa upande wa simba walikuwa na maneno yao. Chef aliendelea kunifundisha: namna ya kusoma rangi ya ngozi, namna ya kusaga ganda la yai liwe unga wa chokaa kwa ajili ya mifupa, namna ya kusikiliza pumzi ya mjusi mwenye kifua kibaya. Inafanya sauti ndogo kama maharagwe yanayotokota mbali.

Baada ya miaka kadhaa Conservateur, ndivyo tulivyomwita mkurugenzi wa bustani, aliniazimisha kwa kituo cha mpakani Sakania. Kazi yangu ilikuwa kukagua wanyama waliopita kwa treni kwenda na kutoka Zambia: kuku, njiwa, nyani wa kuibwa, kobe waliofichwa chini ya magunia ya unga. Sakania ni mji mdogo. Treni ikichelewa hakuna lingine la kufanya ila kuchelewa nayo. Pale ndipo nilipoelewa kwamba wanyama wengi hawafi kwa njaa wala kwa ugonjwa. Wanakufa kwa sanduku: ama halina hewa, ama linashika maji, ama limewekwa juani bila upande wa kukimbilia. Nilianza kuangalia sanduku kwanza, kisha kilichomo.

Niliporudishwa Lubumbashi, Zaïre, kama nchi yetu ilivyoitwa siku zile, ilikuwa inamomonyoka mikononi mwetu. Askari walikuwa wameingia madukani mjini, na nyuma yao watu wa kawaida, na walipomaliza hapakubaki hata vitasa vya milango. Wageni wengi walikimbilia Zambia kwa barabara. Katika bustani yetu umeme ulikatika msimu wa baridi, na chatu wetu mkubwa alikufa akiwa amejikunja kwenye jiwe lililokuwa likipashwa moto na taa. Paa walichukuliwa na watu wenye bunduki. Chef wangu wa zamani alikuwa amekwisha kustaafu na kurudi kwao, na nilishukuru hakuyaona hayo. Niliendelea kufika kila asubuhi kufagia vizimba ambavyo havikuwa na mnyama ndani.

Ndipo siku moja Conservateur akaniita. Alikuwa ameketi ofisini pasipo meza, kwa sababu meza nayo ilikuwa imekwenda.

"Mama Kisimba, kuko muntu mu Kasungami, commerçant wa ku Nord-Kivu. Eko na mijusi ya kigeni, na iko inakufa. Aliuliza kama tuko na mufundi. Nilimwambia niko na mufundi, lakini sina tena na banyama."

"Nitaenda, Conservateur."

"Enda na akili. Bantu beko banasema mambo juu yake."

Sikuuliza mambo gani. Nilipofika Kasungami, mtaa wa pembezoni mwa mji, ambako siku zile nyumba zilikuwa zimetawanyika katikati ya mashamba ya mahindi, wanawake waliokuwa wakichota maji waliniambia bila mimi kuuliza.

"Unaenda kwa ule mwenyi nyoka ya ndevu?" mmoja akasema. "Wee mama, rudia kwenu."

Mfanyabiashara huyo alikuwa Papa Kambale, mtu mnene, mpole, mzee wa kanisa. Duka lake la jumla mjini lilikuwa limeporwa hadi ukutani. Alikuwa amehamia Kasungami na mke wake na watoto, akaleta shehena ndogo aliyoiokoa, magunia ya chumvi na sabuni, na kuyafungia chumba cha nyuma. Ndani ya chumba hicho hicho, katikati ya magunia, alinionyesha alichoniitia.

Lilikuwa sanduku la kioo, la aina wanayofugia samaki. Ndani yake mchanga wa mtoni, na juu yake taa nyekundu iliyoendeshwa na jenereta. Mijusi walikuwa wawili, dume na jike, kila mmoja urefu kama mkono wangu hadi kiwiko, rangi ya udongo mkavu, na chini ya kidevu miiba laini iliyopangana kama ndevu. Sikuwahi kuwaona ila katika picha. Ni wanyama wa Australia, nchi ya jua kali na ukavu. Hawa walikuwa wamelala midomo wazi. Nilimshika dume taya kwa vidole viwili. Lilikuwa laini kama ganda la yai la nyoka.

"Papa, ulibatosha wapi?"

Akanieleza. Wakati wa uporaji, fundi mmoja mgeni, jirani wa duka, alimfungulia geti mke wa Kambale na watoto wake, akawaficha mpaka risasi ziliponyamaza. Alipokimbia nchi siku chache baadaye alikuja na lile sanduku mikononi. Hakuwa na pa kuliweka.

"Aliniomba nibatunze," Papa Kambale akasema. "Mie niliitika mbele ya Mungu. Asingefungua ile geti, leo singekuwa na bibi, singekuwa na batoto. Sasa nibatupe mu majani?"

Nikamweleza kilichokuwa kikiwaua, na sikumlaumu, kwa sababu alikuwa amefuata sanduku kama alivyolipokea, na lile lilikuwa sanduku la safari tu. Lilikuwa dogo mno, joto upande wote, hapakuwa na pembe ya kupoa. Mchanga waliumeza pamoja na chakula, ukawafunga tumbo. Chumvi na magunia vilitunza unyevu chumbani, na mjusi wa jangwani akivuta unyevu kila siku kifua kinaharibika. Zaidi ya yote hawakuwa na jua. Jua linapopiga ngozi ya mjusi ndipo mwili wake unapoweza kutumia chokaa ya chakula kujenga mfupa. Jua la kupitia kioo halifanyi kazi hiyo, linapasha tu. Taa nyekundu ndiyo haifai kabisa.

"Banahitaji kutoka inje," nikasema. "Tutajenga nyumba ya waya. Na tutaiweka kule mbele, ku barabara."

Uso wake ulibadilika. Akafunga mlango, akasema kwa sauti ya chini kwamba mtaani wanasema anafuga joka linalomletea mali. Umeme hakuna popote, lakini dirisha lake linawaka jekundu kila jioni. Magunia yanaingia, hayatoki. Na majuma machache nyuma mtoto wa jirani, Mama Chantal, alikuwa amefariki.

"Bakibaona, batanichoma na nyumba," akasema.

"Papa, sasa hivi hababaoni. Na banataka kukuchoma."

Alikaa juu ya gunia, akalitazama pazia lililofunika dirisha mchana na usiku. Mke wake, aliyekuwa amesimama mlangoni, ndiye aliyejibu. "Mama anasema kweli. Mimi nimechoka na ile pazia."

Tukaanza kujenga. Nitawaeleza namna tulivyofanya, kwa sababu vijana siku hizi wananiuliza, nao wana vitu vizuri kuliko vile tulivyokuwa navyo. Tulichagua upande unaopata jua la asubuhi, maana mjusi anahitaji kuamka na joto kabla ya kula. Mbao tulizitoa kwenye makasha ya bidhaa, waya tukachukua ule wa matundu madogo, panya na nyoka wasipite. Sakafu ilikuwa ya matofali yaliyobanwa, yenye mteremko ili maji ya mvua yasikae. Upande mmoja tuliacha wazi kwa jua na kuweka mawe bapa juu ya matofali, kama ngazi, ili mjusi akaribie jua au ashuke. Upande wa pili tuliezeka nyasi na kufukia chungu kilichovunjika nusu, pa kujificha. Katikati tuliweka ukuta wa waya, kwa kuwa wanyama hawa hawapendi kuishi wawili chumba kimoja. Mkubwa humnyima mdogo chakula na jua, na usipoangalia humng'ata vidole. Nyuma tulijenga sanduku la kulala, la kuta mbili za mbao na majani makavu katikati, ambalo wakati wa baridi tungeliingizia tofali la moto lililofungwa kwenye gunia.

Papa Kambale aligonga misumari mwenyewe, jasho likimtoka. Watu walipita barabarani wakitazama bila kusalimu. Mimi niliwasalimu mmoja mmoja. Wachache waliitika.

Asubuhi tuliyowahamisha mijusi ndiyo asubuhi waliyokuja watu wa mtaa. Nadhani mtu alikuwa ametuona tukibeba kile kioo kuvuka ua. Nilikuwa bado nimepiga magoti nikifunga kitasa cha waya niliposikia miguu mingi, na nilipoinuka, barabara ilikuwa imejaa. Mbele alikuwa kijana mrefu ameshika kidumu cha mafuta. Pembeni yake Mama Chantal, kitambaa cha msiba bado kichwani.

"Tunataka kuona ile nyoka," kijana akasema. "Ile yenye kula batoto."

Papa Kambale alitoka nje akasimama kando yangu. Mke wake aliwavuta watoto ndani. Sikumbuki niliwaza nini. Nakumbuka tu kwamba nilijibu kwa lugha ya kazini, kama nilivyozoea kuongea na wageni wa bustani siku ya Jumapili.

"Karibuni. Beko hapa. Haina nyoka, ni mijusi miwili."

Wakasogea wote pamoja, wakasukumana hadi kwenye waya. Na pale dume akafanya kitu nilichokiogopa. Alijitanua, akafungua kinywa, na ndevu zake zikaanza kuwa nyeusi, nyeusi kama makaa, kuanzia shingoni hadi chini ya taya. Watu walitoa sauti kama upepo. Kijana akaanza kufungua kifuniko cha kidumu.

"Yeye njo anaogopa," nikasema. "Muko bengi. Angalieni ukubwa yake, angalieni ukubwa yenu. Rudieni nyuma kidogo, mutaona."

Hakuna aliyesogea. Nikarudia, safari hii nikimtazama Mama Chantal peke yake. "Mama, nakuomba. Rudia nyuma kidogo tu."

Alinitazama. Kisha akarudi nyuma, na kwa kuwa ndiye aliyekuwa mwenye msiba, wengine wakarudi naye. Tukasubiri. Jua lilikuwa limefika kwenye mawe. Polepole weusi ulififia, ukawa kijivu, ukawa rangi ya udongo, na dume akafunga kinywa, akalala juu ya jiwe kama mtu aliyetoka shambani. Upande wa pili wa waya jike aliinua mkono mmoja, akauzungusha hewani taratibu, akaushusha.

"Anasalimia," mtoto mmoja akasema kutoka mgongoni mwa mama yake.

"Ni sawa vile," nikasema. "Mudogo anaambia mukubwa: sitaki vita na weye."

Mtu fulani alicheka, si sana. Nikachuma ua la maboga lililokuwa kwenye uzio na kumpa Mama Chantal. Nilimwonyesha namna ya kulipitisha kwenye waya. Alilipitisha, na jike akaja, akalichukua, akatafuna macho yamefumba nusu. Mama Chantal hakuondoa mkono mara moja.

"Anakula maua," akasema.

"Maua, mboga ya lengalenga, majani ya viazi. Na nzige, na nyenze."

"Na ile moto mwekundu?"

Nikamwomba Papa Kambale alete taa. Akaileta, na jenereta pia, akaivuta mwenyewe hadi barabarani, akaiwasha mbele yao. Wakaona waya unapoingia, wakaona taa inavyowaka. Kisha, bila mtu kumwomba, akafungua mlango wa chumba cha nyuma na madirisha yote, akawaambia waingie waone. Waliingia wachache. Walitoka wakisema ni chumvi na sabuni.

Mama Chantal hakuingia. Alibaki palepale kwenye waya.

"Kama huyu ni munyama tu," akaniambia, "basi nani aliua mwana yangu?"

Nilimuuliza kama mtoto alikuwa na vipele na macho mekundu na kikohozi. Akaitika. Nikamwambia ilikuwa surua, na kwamba mwaka ule iliwachukua watoto wengi mjini kwa sababu chanjo hazikuwa zikifika. Hakulia. Alimgeukia Papa Kambale.

"Papa, tuko majirani. Haukukuya ku kilio."

Papa Kambale aliinamisha kichwa. "Niliogopa, mama. Nilijua mulikuwa munasema juu yangu. Nikaona nikikuya, batasema nakuya kuangalia kazi yangu."

"Ungekuya tu," akasema. "Mimi nilikuwa naangalia mulango."

Hapo ndipo nilipojua kwamba yamekwisha. Nikakaa juu ya matofali yaliyobaki. Kijana alikuwa amekifunga tena kidumu. Aliniinamia akauliza, kwa aibu kidogo, nzige wa kijani wanafaa au wale wa kahawia tu. Nikamwambia wote wanafaa, ila asiwakamate mahali palipopigwa dawa.

Siku ile ile Papa Kambale na mke wake walikwenda kwa Mama Chantal na kukaa chini kwenye mkeka pamoja na ndugu zake, wakaomba, wakala bukari, ugali wetu wa huku, pale pale. Walichelewa kwa majuma, lakini walipokelewa. Mimi nilirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima nilikuwa nikitabasamu kama mtu asiye na akili. Mume wangu aliponiuliza kazi ilikwendaje nilimwambia mijusi wamehamia vizuri. Nilikula, nikalala mchana, kitu ambacho sikuwa nimekifanya tangu ujana.

Mijusi walipona. Taya la dume lilikaza, ingawa lilibaki limepinda kidogo upande mmoja. Msimu wa baridi ulipofika watu wa mtaa walileta makaa bila kuombwa, na Mama Chantal ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote kuhusu tofali la moto, lisije likawekwa likiwa kali mno. Yule fundi mgeni hakurudi. Wanyama wake waliishi Kasungami hadi wakazeeka, na watoto wa pale walikua wakidhani kila mtaa una mijusi wa namna ile.

Conservateur aliniuliza nilivyowatuliza watu. Nilimwambia sikuwatuliza, niliwaomba tu warudi nyuma. Alicheka, akasema angependa kuliomba taifa zima jambo hilo. Alihamishwa mwaka uliofuata. Aliyemfuata alikuwa kijana mchapakazi, akafufua bustani kwa miaka kadhaa, akanipa cheo kile kile cha mzee wangu: Chef wa Reptilia. Nilifundisha wengine, wanaume na wanawake. Kisha kiwanja kikauzwa, wanyama wakagawanywa, nami nikastaafu.

Sasa vijana huja kwangu na simu zao, wananionyesha vizimba vyenye taa za kila rangi. Vingi ni vizuri. Ninawauliza maswali yale yale: upande wa baridi uko wapi, jua linaingia saa ngapi, hewa inatokea wapi, na jirani yako anajua unafuga nini? Hilo la mwisho wanalishangaa. Ninawaambia waliweke kwenye hesabu ya ujenzi kama wanavyoweka waya na misumari.

Katika kazi yangu nilipoteza wanyama wengi, na miaka ile mibaya ilinichukulia watu pia. Siwezi kusema mambo yote yalikuwa mema. Lakini wiki iliyopita nilipita Kasungami kwenye teksi, kumtembelea binti yangu. Mashamba yamekwisha, ni nyumba hadi nyumba. Ile ya Papa Kambale bado ipo. Yeye amerudi kaskazini kuzeekea kwao, na ndani anaishi mwanawe na familia yake. Rangi imebanduka upande wa mvua. Nguo zilikuwa zimeanikwa, mlango wazi, mtu anatwanga kitu uani. Abiria wenzangu walikuwa wakizungumza mambo yao, na hakuna aliyegeuza shingo kuitazama nyumba ambayo zamani watu walikuja kuichoma.